Tulipotua Usiku Kando ya Ziwa Michigan

Sisi tuliokua kando ya Tanganika twazikumbuka taa za wavuvi wa ndagala usiku usio na mwezi. Ukizitazama toka mlimani, hujui mara moja ziwa laishia wapi na mbingu yaanzia wapi. Hatukudhani ya kuwa jambo hilo lingetufundisha siku moja hatari ya marubani.

Oktoba iliyopita tulimzuru mwanafunzi wetu wa zamani, mzaliwa wa Uvira, akaaye South Bend, jimbo la Indiana, Marekani. Kazi yake ni ufundi wa magari. Siku za mapumziko hukodi ndege ndogo ya injini moja, kwani anacho cheti cha rubani binafsi. Sheria ya huko yataka rubani achukuaye abiria usiku awe ametua gizani mara 3, na kusimama kabisa, katika siku 90 zilizotangulia. Yeye alikuwa ametimiza. Alituomba tushike kamera, maana hupenda kutazama tena kila kutua kwake, kama mwanafunzi arudiaye daftari lake.

Tuliruka saa tatu usiku. Nyuma yetu kuba la dhahabu la Chuo Kikuu cha Notre Dame, lenye sanamu ya Bikira Maria juu yake, liling'aa. Ndani ya ndege aliacha mwanga mwekundu hafifu tu, kwa sababu jicho lahitaji kadiri ya nusu saa kulizoea giza, na mwanga mkali huiharibu kazi hiyo mara moja. Mbele yetu taa za magari zilifuatana barabarani. Kisha, ghafula, weusi mtupu: Ziwa Michigan, lipitalo Tanganika kwa upana, ingawa halilifikii kwa kina. Ng'ambo ya maji, taa za Chicago zilikuwa kama zinaelea hewani.

Hapo alitukumbusha habari ya John F. Kennedy kijana, mwana wa Rais. Tarehe 16 Julai 1999 aliirusha ndege yake usiku kuelekea kisiwa cha Martha's Vineyard. Wachunguzi walikata kauli ya kwamba, juu ya maji yenye giza, alipotewa na fahamu ya juu na chini. Alikufa pamoja na mkewe na shemeji yake.

“Mwili hudanganya, Mwalimu,” akasema. “Lazima kusadiki vyombo.”

Tulielekea uwanja mdogo usio na mnara. Haukuonekana kabisa. Akabonyeza kifungo cha redio mara 7 katika sekunde 5, na taa zikawaka: nyeupe kandokando, kijani mwanzoni, na upande mmoja taa nne za kumwongoza rubani. Mbili nyeupe na mbili nyekundu, njia ni sawa. Zote nyekundu, ndege iko chini mno. Taa hizo zina faida kubwa, kwa kuwa penye giza tupu jicho humwambia rubani yu juu mno, naye hushuka kupita kiasi.

Sisi tukainua kamera, tukamwomba aeleze kila kitu ili sinema ipendeze. Akaanza kueleza. Taa ya tatu ikawa nyekundu, kisha ya nne.

“Mwalimu, nisamehe, unyamaze.”

Akaongeza nguvu ya injini, akaacha kutua, tukapanda tena. Tulizunguka pasipo neno. Mara ya pili taa zilikaa mbili kwa mbili hata mwisho, na magurudumu yakagusa ardhi taratibu.

Nyumbani tulitazama sinema ile: giza, sauti yetu ikiuliza, kisha kimya. Kwa aibu tulimwomba aikate sehemu hiyo. Akakataa. “Hiyo ndiyo nitakayoitazama mara nyingi.”

Ndugu wasomaji, miaka mingi tumewaamuru watoto kunyamaza darasani. Usiku ule tuliamriwa sisi, nasi twashukuru ya kuwa mwanafunzi wetu hakutuonea haya.