Binti Anayebaki Nyumbani

Akina mama wenzetu, mwezi huu twendeni pamoja visiwa vya Shelisheli. Kutoka Praslin tulivuka kwenda Cousin, kisiwa kisichofika hekta 30. Kabla ya kufika pwani tulihamishiwa boti ya kisiwani, ili panya wasipate njia ya kuingia. Tukashuka majini, vitenge tumevikunja magotini, tukaingia msituni.

Mara tukasikia mluzi, kama wa kijana anayechunga mbuzi. Mwenyewe ni ndege mdogo, uzito wake gramu 15 hivi. Mgongo ni wa kahawia iliyochanganyika na kijani, tumbo jeupe lenye umanjano. Mume na mke hufanana. Mtoto hutambulika kwa macho yake ya kijivu. Ya wakubwa ni mekundu. Wenyeji humwita timerl dezil.

Chakula chake ni wadudu wanaojificha chini ya majani. Mama kwa kawaida hutaga yai moja tu, akaliatamia siku 17 hivi, huku baba akilinda kiota dhidi ya ndege wengine walao mayai. Mtoto akishatoka kiotani huendelea kulishwa kwa miezi kama mitatu.

Lililotugusa ni hili: mara nyingi binti aliyekua haondoki. Husaidia kujenga kiota, kuatamia na kumlisha mdogo wake. Akija kupata kiota chake, huwa mlezi bora kuliko asiyewahi kusaidia.

Lakini kwa nini anabaki? Mwaka 1968 ndege hawa hawakufika 30 duniani, wote wako Cousin, maana msitu ulikuwa umefyekwa kupanda minazi. Mwaka huo kisiwa kilinunuliwa kiwe hifadhi. Minazi ikapunguzwa, miti ya asili ikarudi, ndege wakazidi 300, na kisiwa kikajaa. Binti akakosa pa kwenda. Mwaka 1988 ndege 29 walipelekwa kisiwa cha Aride, chenye nafasi tele. Huko vijana wakaanza familia zao bila kukawia. Leo wapo katika visiwa vitano, na idadi yao imepita 2,000.

Tena msaada wa binti hutegemea chakula. Penye wadudu wengi, humpunguzia mama mzigo. Penye wadudu wachache, yeye mwenyewe ni mdomo mmoja zaidi, na mama wa mahali hapo huzaa zaidi wana wa kiume, ambao huhama.

Tukiwa njiani kurudi Praslin tulikaa kimya kidogo. Kila mmoja wetu anamjua binti aliyemaliza shule, yuko nyumbani anafua na kulea wadogo zake, na sisi tunasema hana haraka ya maisha. Mama mwenzetu, kabla hujamlaumu wa kwako, angalia kwanza: je, ipo nafasi ya yeye kwenda?