Mashindano ya Kuchora Hadharani

Mshairi hutunga chumbani mwake, akafuta na kuandika upya bila ya kuonwa na mtu. Mchoraji aingiaye katika mashindano ya hadharani, siku ya tamasha la sanaa, hana sitara hiyo. Desturi ya mashindano hayo ni kuupiga mhuri ubao wake asubuhi, ili asilete picha iliyokwisha kuchorwa nyumbani. Jioni huukabidhi kwa waamuzi. Baina ya nyakati hizo mbili kila kosa lake huonwa na wapita njia.

Zamani kuchora nje kwa rangi za mafuta kulikuwa na taabu, kwani rangi zilichukuliwa katika vibofu vya wanyama, navyo vilipasuka upesi. Mwaka 1841 Mmarekani John Goffe Rand alivumbua mrija wa bati, na wachoraji wa Ufaransa wakatoka na rangi zao mashambani na kando ya mito. Katika Tanzania jambo hilo lilipata njia yake lenyewe. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza kuchora mjini Dar es Salaam mnamo mwaka 1968. Alitumia rangi za kupakia baiskeli juu ya mbao nyembamba za kiwandani, na karakana yake ilikuwa kivuli cha mbuyu. Alifariki mwaka 1972, lakini mtindo wake umebaki na jina lake.

Pamoja na heri hiyo lilikuja jaribu. Wanunuzi wengi walikuwa wageni, na wageni walipenda tembo, twiga na theluji ya Kilimanjaro. Mchoraji wa bara aweza kuuchora mlima huo asioufikia hata mara moja, kwa kuwa ameuona katika picha za wenziwe.

Mtu kama huyo na asimame Manyoni mwezi wa Agosti, ubao mtupu mbele yake. Manyoni ni mji wa reli ya kati, baina ya Dodoma na Tabora. Upande wa mashariki, kuelekea Saranda, ardhi huteremka ghafula katika Bonde la Ufa. Upande wa magharibi, kuelekea Itigi, kuna kichaka kilichosongamana ambacho wakati wa kiangazi hupukutisha majani, kikaonekana kwa mbali kama moshi. Theluji haipo. Ipo mibuyu mitupu, mchanga, na ng'ombe watokao kunywa maji. Rangi hukauka upesi, upepo huleta vumbi ubaoni, na kivuli kilichochorwa saa tatu kimekwisha hama saa tano.

Hapo mshindani ana njia mbili. Aweza kuchora Kilimanjaro kwa mazoea. Picha itapendeza, wala hatakuwapo wa kumsahihisha. Au aweza kuwachora ng'ombe walio mbele yake, na kila mtoto mchungaji akawa mwamuzi. Mtoto atasema kwamba pembe hizo sizo, na kwamba ng'ombe huyo amekonda kwa ukame lakini ubaoni amenona. Maneno hayo huuma kuliko kukosa zawadi. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Lakini mcheza kwao hukosolewa pia, kwa sababu watazamaji waijua ngoma.

Kaskazini ya Dodoma, katika Kondoa, yapo majabali yenye michoro ya kale ya watu na wanyama, ambayo UNESCO iliitia katika Urithi wa Dunia mwaka 2006. Wachoraji wale hawakuacha majina, wala hakuna aliyewapa zawadi. Hata hivyo twiga wao hutambulikana hata leo, maana waliishi naye. Basi kumchora twiga si kosa. Kosa ni kumchora usiyemjua kwa ajili ya mtu asiyemjua.

Jioni zawadi hupewa wachache, na wengi hurudi na mbao zao kwapani. Lakini yule ambaye mchungaji amemtambua ng'ombe wake katika picha yake, akamwita kwa jina, hakurudi mikono mitupu.