Rafu na Msomaji

Miaka mingi ya kulea walimu imenionyesha kwamba maktaba humfundisha msomaji hata kabla hajafungua kitabu. Barbara Gittings wa Marekani alilijua hilo. Mwishoni mwa miaka ya 1940, akiwa Chuo Kikuu cha Northwestern, alitambua kuwa anawapenda wanawake wenzake, akaenda maktabani kutafuta maelezo. Vitabu alivyovikuta vilimwita mgonjwa na mpotovu. Masomo yakamshinda, akaondoka chuoni.

Mwaka 1970 wakutubi wenye hali kama yake waliunda kikundi ndani ya Chama cha Maktaba cha Marekani, naye akajiunga nao. Mwaka 1972 Maktaba ya Bunge la nchi hiyo iliacha kuvipanga vitabu vya namna hiyo pamoja na jinai za ngono.

Kijana asiyethubutu kumwuliza mzazi wala mwalimu hukiuliza kitabu. Basi mkutubi wa chuo amwekee vitabu vya kweli, asimkodolee macho anapoazima, wala asimweleze mtu alichosoma. Kila mmoja wetu ana maoni yake, lakini mtunza vitabu hakuajiriwa kuwa hakimu wa wasomaji.