Kiu ya Land Rover

Sisi walimu wa Kiswahili hapa Kyambogo tunalo gari kuukuu, Land Rover, lenye kiu kubwa ya petroli. Likikosa mafuta, wanafunzi wetu walio kwenye mazoezi ya kufundisha hukaa bila kukaguliwa. Tumeshauriwa tulitie mtambo wa gesi. Dar es Salaam jambo hilo si geni: gesi ya Songosongo, iliyogunduliwa mwaka 1974, ilianza kutumika huko mwaka 2004, na leo magari huijaza vituoni. Injini haing'olewi, huongezewa mtungi imara na kifaa cha kupunguza mgandamizo. Lakini Kampala haina bomba la gesi hiyo. Mtungi mtupu ni mzigo, kama mwalimu aliyehitimu akapangiwa shule isiyo na vitabu. Tumeazimia kutonunua mtambo. Fedha hizo zitalipia petroli, wanafunzi wakaguliwe.