Mtoto Apendaye Kuchora

Kila mwaka shule zifungapo, wazazi hutujia sisi walimu wa hapa Nansio na swali moja: Mtoto huyu asome nini? Akiwa ni mtoto apendaye hesabu, jibu ni jepesi. Akipenda kuuguza wagonjwa, jibu ni jepesi vile vile. Lakini yuko mtoto wa namna nyingine, ambaye kila mwalimu amepata kumwona. Madaftari yake yamejaa picha pembeni. Akipewa chaki, huujaza ubao kabla kengele haijalia. Akitumwa ziwani kuteka maji, hurudi amechelewa, kwa kuwa alikuwa akichora mchangani kwa kijiti. Wazazi wa mtoto huyu hawaulizi asome nini. Huuliza, "Mwalimu, tumwachisheje?"

Mwezi huu twataka kusema habari za mtoto huyo, na habari za vyuo vinavyofundisha kuchora, kuchonga na kufinyanga. Maana twaona watu wengi huvisema vyuo hivyo bila kuvijua. Wengine husema ni mahali pa wavivu. Wengine hudhani kwamba mtu akiingia humo atatoka tajiri. Wote wamekosea njia.

Kwanza na tukumbuke ya kwamba sanaa si jambo geni lililokuja na meli. Wazee wetu waliunda mitumbwi iliyokata mawimbi ya ziwa hili, nao waliitazama mistari yake kwa jicho kali kabla ya kuishusha majini. Mama aliyefinyanga chungu chenye mdomo sawasawa hakuitwa mvivu. Alijifunza kwa mama yake miaka mingi, akavunja vyungu vingi, akakaripiwa, akaanza tena. Mahali pale palikuwa chuo, ijapokuwa hapakuwa na kibao mlangoni. Chuo cha siku hizi ni jambo lile lile, ila walimu ni wengi mahali pamoja, na mwanafunzi huonyeshwa kazi za mafundi wa nchi nyingi, za zamani na za sasa.

Katika nchi zetu za Afrika ya Mashariki, mafundisho haya katika chuo kikubwa yalianza Makerere, huko Kampala, ng'ambo ya ziwa letu upande wa kaskazini. Bibi mmoja Mwingereza, jina lake Margaret Trowell, mke wa daktari, alikuwa amesoma sanaa London. Mwaka 1937 akaanzisha mafundisho hayo kwa wanafunzi wachache tu. Mwaka 1939 kazi za wanafunzi wake zilikwisha kuonyeshwa mjini London. Shule hiyo ingalipo hata leo katika Chuo Kikuu cha Makerere, nayo huitwa kwa jina lake.

Namna yake ya kufundisha yafaa ijulikane. Hakuwapa wanafunzi picha za Ulaya wazinakili. Aliwasimulia jambo kwa maneno, labda habari za soko, au mvua, au safari ya usiku. Nao wakalitazama kwa macho ya moyoni kwanza, ndipo wakashika brashi. Hivyo kila mmoja alichora soko la kwao na mvua ya kwao. Mtu aliyetoka mlimani alichora migomba yake, na mtu aliyetoka nchi kavu alichora ng'ombe wake.

Walakini kuchora si kukumbuka tu. Kazi kubwa ya chuo ni kumfundisha mtu kuona. Labda msomaji atacheka na kusema, "Nani asiyeona?" Basi na achukue chungu, akiweke mezani, akae mbali kidogo, akichore. Yeye ajua ya kuwa mdomo wa chungu ni mviringo, basi atachora mviringo kamili kama mwezi, na chungu chake kitaonekana kana kwamba kinaanguka mbele. Maana kwa pale alipoketi, mdomo ule hauonekani mviringo. Waonekana kama yai lililolala. Mtu asiyefundishwa huchora anachokijua. Aliyefundishwa huchora anachokiona. Kati ya mambo hayo mawili pana miaka ya kazi.

Tena hujifunza kupima kwa jicho, ili kichwa cha mtu kisizidi mwili wake. Hujifunza kwamba vilima vya mbali hupauka, na vya karibu hukolea rangi. Hujifunza kuchanganya rangi, akatambua ya kwamba ziwa si la buluu siku zote; asubuhi laweza kuwa la kijivu, na jioni likawa kama shaba. Hufinyanga udongo, huchonga mti, huchonga ubao wa kupigia chapa za picha, hupanga herufi za vitabu na nakshi za vitambaa; na siku hizi hufanya nyingine ya kazi hizo kwa kompyuta. Mwisho wa juma kazi za wote hutundikwa ukutani, na mwalimu huzisema moja moja mbele ya wenzake. Hapo ndipo mvivu hukimbia. Mtu aliyezoea kusifiwa kijijini kwao husikia kwa mara ya kwanza kwamba mkono aliouchora hauna mifupa.

Sasa twafika penye swali gumu. Mzazi mmoja, mvuvi wa hapa kwetu, alitujia kwa ajili ya binti yake aliyemaliza kidato cha nne. Binti huyo alikuwa mmoja wa watoto tuliowasema, mwenye kuchora tangu utoto. Mzee akaketi, akanyamaza kitambo, kisha akasema:

"Mwalimu, nimeweka fedha ya kununua mashine ya mtumbwi. Nikiinunua, nyumba nzima itakula. Nikimpa mtoto huyu aende kusomea kuchora, je, yeye atakula picha?"

Swali hili si la kuchekwa. Mvuvi asiye na mashine hupiga kasia mpaka mikono ikafa ganzi, na upepo ukigeuka hufika mwaloni wanunuzi wamekwisha kwenda zao. Fedha ile haikuwa fedha ya mchezo. Nasi tukamjibu, "Mzee, hatutakudanganya. Walio wengi hawali picha. Lakini sikiliza habari za watu watatu waliopita njia hiyo."

Wa kwanza ni Sam Ntiro, Mchaga wa Machame, aliyezaliwa mwaka 1923. Alisoma sanaa Makerere, kisha akaenda London katika shule ya Slade. Alichora watu wa kwao wakilima, wakivuna, wakijenga nyumba. Picha yake ya mwaka 1956, ya watu wanaompelekea bibi arusi pombe ya ndizi usiku, iko katika jumba la Museum of Modern Art, mjini New York. Nchi yetu ilipopata uhuru mwaka 1961, alipelekwa London kuwa Balozi wetu.

Wa pili ni Elimo Njau, wa Marangu, aliyezaliwa mwaka 1932, naye vile vile alisoma Makerere. Mwaka 1959 alichora picha kubwa katika kuta za kanisa la Murang'a, huko Kenya, lililojengwa kuwa ukumbusho wa Wakristo waliouawa siku za Mau Mau. Alichora kuzaliwa kwa Bwana, ubatizo wake, karamu ya mwisho, bustani ya Gethsemane na msalaba. Na watu wote wa picha zile ni Waafrika, na nchi ni ya vilima vya kule. Mkulima wa Murang'a aliingia kanisani akaona kwamba habari ile yamhusu na yeye. Mwaka 1965 Njau na wenzake wakaanzisha Nairobi nyumba ya sanaa, wakaiita Paa ya Paa.

Wa tatu ni Gregory Maloba wa Kenya, mchongaji, mmoja wa wanafunzi wa mwanzo wa Bibi Trowell. Sanamu ya Uhuru isimamayo Kampala tangu mwaka 1962, ya mama amwinuaye mtoto juu, ni kazi yake.

"Basi hawa walikula picha," akasema mzee.

"La, Mzee. Wote watatu walikuwa walimu."

Na hili ndilo neno tunalotaka wasomaji walishike. Ntiro alifundisha Makerere. Njau alifundisha. Maloba alifundisha Makerere, na baadaye Nairobi. Picha na sanamu ziliwapa jina. Kufundisha kuliwapa unga. Wala haikuwa aibu kwao, maana mwalimu wa kuchora hushinda na kazi yake kila siku, na mkono wake hauzeeki.

Tena hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano wa subira. Kisiwani petu aliishi Mzee Aniceti Kitereza, aliyezaliwa mwaka 1896. Sanaa yake ilikuwa ya maneno, si ya rangi. Lakini njia ni moja. Mwaka 1945 alimaliza kitabu kikubwa kwa Kikerewe, habari za Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, ambamo aliweka kilimo, uvuvi, ukarimu na mila za wazee wetu, ili visipotee. Hakikupata mpiga chapa. Akakifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, akangoja. Kitabu kilitolewa Dar es Salaam baada ya miaka mingi, naye akafariki mwaka 1981. Leo kimefasiriwa kwa Kijerumani, Kifaransa na Kiingereza. Cha Kiingereza alikifasiri Gabriel Ruhumbika, mwana wa Ukerewe, mwaka 2002. Ingekuwa Mzee Kitereza alikitegemea kitabu kile kwa chakula cha jioni, angalikufa njaa. Lakini kama asingalikiandika, sisi tungalikuwa maskini zaidi.

Mzee mvuvi hakutujibu siku ile. Baada ya majuma mawili akarudi, akasema mashine itangoja, ila kwa sharti moja: binti asomee ualimu wa sanaa, awe na kasia mbili mkononi. Basi akaenda. Likizo ya kwanza aliporudi, alikaa mwaloni siku tatu na karatasi yake magotini. Hapo zamani alikuwa akichora mitumbwi yote namna moja, kama iliyopigwa muhuri. Safari hii watu walikusanyika nyuma yake, na baba yake akapita, akainama kutazama. Katika karatasi ile palikuwa na mitumbwi saba au minane, yote ya kuunda kwa mbao, yote imelala mchangani. Mzee akaweka kidole juu ya mmoja. "Huu ni wangu," akasema. "Hata kiraka nilichotia mbele kimo."

Hakusema neno jingine. Mashine hajainunua hata sasa, na binti hajauza picha. Twaliandika hili kusudi, ili msomaji asidhani kwamba twamwahidi faida ya haraka. Lakini chuo kilikuwa kimekwisha kufanya kazi yake: kilimpa binti macho ya kuona mtumbwi wa baba yake, aliouona maisha yake yote.

Wazazi hutuuliza vyuo viko wapi. Karibu nasi, ng'ambo kule Mwanza, kiko Chuo cha Ualimu Butimba, ambacho kimejulikana kwa kufunza walimu wa sanaa na muziki. Huko Pwani kiko chuo cha Bagamoyo, kilichoanzishwa mwaka 1981, ambacho leo huitwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni. Hufundisha ngoma, muziki, maigizo, na pia kuchora na kuchonga. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho hufundisha sanaa kwa wale waliopasi masomo ya juu.

Basi shauri letu ni hili. Kwanza, mzazi asimchape mtoto kwa kuchora. Ampe karatasi na penseli, amwambie achore kitu kilicho mbele yake, mbuzi au jembe au bibi yake aliyeketi, wala asinakili picha za makopo na magazeti. Samaki mkunje angali mbichi.

Pili, mtoto asiache masomo mengine kwa kisingizio cha kipaji. Mlango wa chuo hufunguliwa kwa cheti cha shule, na mchoraji asiyejua hesabu hataweza kupima ukuta wala kukadiria bei ya rangi.

Tatu, ajifunze kazi ya pili iliyo jirani na ya kwanza: ualimu, au picha za vitabu vya shule, au vibao vya maduka, au nakshi za vitambaa. Mwenye kasia mbili hazungushwi na upepo.

Nne, na hili twawaambia watu wazima wa vijiji vyetu. Tutakapo kibao cha duka, twaagiza Mwanza na kulipa bila manung'uniko. Tutakapo picha ya kutundika nyumbani, twanunua iliyopigwa chapa nchi za mbali. Bali kijana wetu aliyehitimu chuo akituomba kazi, twamwambia, "Tuchoree tu, wewe si mtoto wetu?" Wazee walisema, Mcheza kwao hutunzwa. Neno hilo ni kweli. Lakini atatunzwa na nani, ikiwa sisi wa kwao hatutoi kitu?