Kwa Binti wa Kaka Yangu, Aliyeiacha Wodi

Rhotia, Karatu
Juni 2025

Mwanangu,

Mguu wa baba yako umepoa, ng'ombe mwenye baka amezaa ndama jike, na mahindi ya shamba la bondeni yanaridhisha. Mama yako anasema umesahau sweta. Mimi nasema hukusahau chochote, Mang'ola kuna joto na ulijua unakokwenda. Nami sikuchukua kalamu kwa sababu ya sweta.

Nilikuwa mnadani, mama mmoja wa biashara ya vitunguu akanisogelea na kuniuliza, "Yule dokta wa duka la dawa la mjomba wake, si wa kwenu?" Nikamjibu kwamba kwetu hakuna dokta, kuna mwanafunzi wa uuguzi wa mwaka wa pili ambaye hivi sasa anatakiwa awe fildi. Akacheka. Akanieleza kwamba umemchoma mumewe sindano, jirani yake umemshona kidole alichojikata na panga, na kwamba una mkono mwepesi. Alikuwa anakusifu. Mimi usiku ule sikulala.

Kisha nikapata habari nyingine, usiniulize kwa nani. Kwamba uliondoka fildi kabla ya muda, baada ya sista wa wodi ya wazazi kukukaripia mbele ya wagonjwa. Kisa eti ulitaka kumchoma mama sindano baada ya kujifungua, sista akakushika mkono na kukuuliza, "Tumbo umelipapasa?" Kama ni hilo tu, mwanangu, basi umemkimbia mtu uliyepaswa kumshukuru.

Nikueleze jambo ambalo hata baba yako sijawahi kumsimulia. Nikiwa chuo, miaka ya themanini, wakati glavu tunazifua, tunazichemsha na kuzivaa tena, tulikuwa na binti mmoja darasani mwenye akili kuliko sisi sote. Jina lake silitaji. Mtihani anaongoza, mshipa anaupata mara moja, kitanda anakitandika wewe bado unatafuta shuka. Na sista wetu wa wodi, mama mmoja mnene mwenye sauti kama tarumbeta, hakumwacha apumue. Kila siku ni yeye. "Wewe unakimbilia wapi? Mkono tumboni kwanza! Mkono!" Sisi wazembe tulikuwa tunachekelea. Yule binti alikuwa analia chooni, anasema yule mama ana wivu.

Wakati ule sindano iliyotumika sana kuzuia damu baada ya kujifungua ilikuwa ergometrini. Unaijua, mfuko wa uzazi unakaza kama ngumi na damu inakata. Binti akaenda likizo kwao, na ndani ya sanduku akaweka ampuli moja aliyoiviringisha kwenye leso. Hakuwa mwizi. Alidhani ni msaada kwa watu wake. Siku moja usiku wakamwita, mama jirani ana uchungu. Alipofika mtoto alikuwa karibu kutoka, akampokea vizuri kabisa, mtoto akalia, watu wakapiga vigelegele. Akafanya kama alivyokuwa anaona wodini: akachukua sindano akachoma.

Tumbo hakulipapasa. Mle ndani kulikuwa na mtoto wa pili.

Walimleta yule mama hospitali kwa trekta la mashamba, alfajiri, na mimi ndiye niliyekuwa zamu na sista. Mama alipona. Pacha wa pili alizaliwa hana uhai. Yule binti alikuja nyuma ya trekta, ameshika ile ampuli tupu, akamkabidhi sista bila mtu kumwuliza. Nilitega masikio nisikie tarumbeta. Sista hakusema kitu. Alimvua yule binti kitambaa cha kichwa kilicholowa, akampa kiti, akanigeukia mimi akaniambia niandike ripoti, kila kitu, na saa. Binti hakurudi darasani muhula uliofuata. Alikuwa amebakiza mwaka mmoja. Nilikutana naye miaka mingi baadaye, ana duka la vitenge, na hatukuzungumza habari ile.

Kwa hiyo niliposikia kwamba wewe umekaripiwa kwa ajili ya tumbo lisilopapaswa, niliinuka nikaenda nje.

Ninajua utanijibu nini. Utasema ulishafundishwa darasani, ulishafaulu, na kwenye mwanasesere wa chuo ulifanya bila kosa. Ninakuamini. Lakini jirani zetu wa hospitali ya Haydom walishalipima jambo hili. Mwaka 2010 waliwafundisha wakunga na wauguzi wao kwa siku moja namna ya kumsaidia mtoto asiyepumua anapozaliwa. Wakawapima. Kwenye mwanasesere wengi walikuwa wameendelea vizuri. Wodini, kwa mtoto wa kweli, hakuna kilichoboreka, na wenyewe waliliandika hilo wala hawakulificha. Ndipo wakaanza mazoezi mafupi ya mara kwa mara, palepale kazini, wenyewe kwa wenyewe, huyu akimsahihisha yule. Vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vikashuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000. Mafunzo ya namna hiyo baadaye yalikwenda hadi vituo 30 katika mikoa 5. Wewe umetoka kwenye mazoezi ya namna hiyo ukaenda kushona vidole dukani, ambako mtu pekee anayekutazama ni mjomba wako, na yeye anatazama droo ya pesa.

Mjomba wako nisingependa kumsema. Lakini ni yeye aliyeombwa mchango wa ada yako akasema vitunguu vyote vimeoza, na mwezi huohuo akanunua pikipiki. Leo amekukumbuka kwa kuwa una koti jeupe. Duka la dawa muhimu leseni yake ni ya kuuza dawa zilizoruhusiwa. Kuchoma sindano na kushona vidonda havimo. Siku mgonjwa atakapodondoka hapo kwa mzio wa penisilini, mjomba atasema yeye alikuwa shambani, na wewe huna leseni yoyote ya Baraza la Uuguzi na Ukunga ya kukutetea. Utakuwa umeifunga njia yako kabla hujaianza.

Halafu hilo jina la dokta. Daktari halisi anasoma miaka 5, na akimaliza bado anakwenda utarajali mwaka mzima, anasimamiwa, kabla ya kupewa usajili kamili. Pale hospitali ya FAME, Karatu, iliyoanza kama kliniki mwaka 2008, mabingwa wanaotoka nje husimama kando ya madaktari wetu wakati wanatibu, na madaktari wetu, watu wenye digrii zao, hawaoni aibu kuulizwa na kuelekezwa. Wewe mwaka wa pili unaona aibu.

Usidanganyike na sifa za watu. Mwaka 2011 nchi nzima ilifunga safari kwenda Samunge kule Loliondo kunywa kikombe cha dawa cha shilingi 500, mawaziri wakiwemo, na wengi walirudi wakisifu. Wapo waliokuwa wanatumia dawa za Ukimwi wakaziacha. Mtu mwenye maumivu humsifu yeyote aliyemgusa kwa upole. Sifa hizo usizichukue kama cheti. Na habari za vyeti unazijua, mwaka 2017 watumishi 9,932 waliondolewa kazini kwa vyeti feki, na baadhi yao walikuwa wanasifiwa vilevile.

Sasa nikutendee haki. Si kila anayekaripia ni mlezi. Wapo wanaowageuza wanafunzi wa fildi kuwa watumishi wa bure: leta chai, sukuma machela, fagia, na mwisho wa mwezi daftari la mazoezi linasainiwa bila mtu kukufundisha hata kupima presha. Mimi mwenyewe niliwahi kufanya kazi chini ya mtu aliyekuwa anatukana wanafunzi ili aonekane mkubwa, na ndiye aliyepewa umatroni niliokuwa ninastahili. Sijasahau. Ukikutana na wa aina hiyo, andika tarehe na jambo, mpelekee mwalimu wa chuo anayekuja kuwakagua. Lakini pima kwanza. Jiulize maneno yale makali yalikuwa yanamlinda nani. Kama yalikuwa yanamlinda mgonjwa, yameze.

Uliwahi kuniambia ukimaliza unataka kazi hospitali ya Endulen, ndani ya hifadhi ya Ngorongoro. Nilifurahi, kwa sababu vijana wengi siku hizi wanataka Arusha mjini. Lakini fikiri vizuri kuhusu Endulen. Akina mama wanatoka maboma ya mbali, wengine wanafika uchungu umeshawachosha, nje kuna baridi na ukungu, na rufaa ni safari ya kupanda hadi kwenye ukingo wa kreta ndipo uanze kuteremka kuja Karatu. Huko ndiko utakakojikuta peke yako na mama anayevuja damu, saa nane usiku, na sauti pekee ya kukuongoza itakuwa ile uliyoisikia ukiwa mwanafunzi. Sasa wewe unaikimbia sauti hiyo ukiwa bado hujaikariri.

Mengine ni machache. Nunua saa yenye mshale wa sekunde, simu si kipimo cha mapigo ya moyo. Jifunze maneno ya Kimasai na ya Kidatoga, angalau "unaumwa wapi" na "pole". Viatu vya wazi leba hapana. Zile picha za wagonjwa ulizoweka status zifute leo. Najua wanafunzi wa Kizungu wanaokuja wiki mbili hupiga hivyo, lakini wao wanapanda ndege wanaondoka, na yule mama uliyempiga picha ni wa hapahapa, kesho utakutana naye kanisani. Na usimkopeshe mtu pesa ya ada.

Mimi nimestaafu na nusu ya vijana wa bodaboda hapa Rhotia niliwapokea kwa mikono hii, ingawa wakipita wananirushia vumbi. Katika wote hao sikumbuki mama niliyemchoma sindano bila kwanza kulaza kiganja tumboni. Ule mkono ni wa yule sista. Alinipa kwa makelele.

Nimezungumza na mwalimu wako. Nafasi yako haijafutwa, ila wiki ulizokosa utazirudia, na zamu za usiku zimo. Nauli nimekutumia kwenye simu, ya kuja tu, ya kurudi Mang'ola sikuweka. Mjomba mwambie shangazi amekuita, akitaka maneno anipigie mimi. Jumapili ulale hapa. Jumatatu asubuhi nitakusindikiza hadi kwenye geti la hospitali, na hapo nitageuka. Kumwomba sista radhi utaomba mwenyewe.

Ni mimi shangazi yako.