Bustani Penye Ziwa Katika Mji wa Bangkok

Wengi wenu mna uwanja mbele ya nyumba, na penye uwanja watoto hucheza, wazee huota jua, na mgeni huwekewa kiti. Lakini mtu akaaye katika chumba kilicho juu ya vyumba vya wengine, uwanja wake ni upi? Jambo hili tulilifikiri sana tulipozuru Bustani ya Lumphini katika Bangkok, mji mkuu wa Thailand, nchi iliyoitwa zamani Siam.

Bustani hii ina ekari zipatazo 140, na ndani yake mna ziwa lililochimbwa na watu. Asili yake ni hii. Mwaka 1925 Mfalme Vajiravudh, wa sita katika ukoo wa Chakri, alitoa ardhi yake mwenyewe ili pafanyike maonyesho ya bidhaa za nchi, kisha pawe bustani ya watu wote. Mfalme akafa mwezi wa Novemba mwaka ule ule, na maonyesho hayakufanyika. Lakini ahadi ya bustani haikufa pamoja naye. Jina lake latokana na Lumbini, mahali katika Nepal alipozaliwa Buddha, ambaye watu wengi wa Thailand ni wafuasi wake. Sanamu ya mfalme imesimama langoni tangu mwaka 1942.

Tulifika alasiri, wala hakuna aliyetudai kiingilio. Mama yetu mzee, ambaye miguu yake haina nguvu tena, akaketi kwenye benchi chini ya mti akitazama maji. Vijana walikuwa wakiendesha mashua zenye umbo la bata, wakizikanyaga kama baiskeli. Mwenyeji wetu, mwalimu wa shule, akatueleza kwamba nyumba yake haina ua hata kidogo, na kwamba huu ndio ua wake na wa jirani zake.

Mara watoto wakapiga kelele, maana kenge mkubwa, urefu wake kama wa mtu mzima, alitoka majini akapita polepole kwenye majani. Kwetu kumwita mtu kenge ni tusi. Na kule vivyo hivyo, hata wenye adabu humwita mnyama huyu kwa maneno yenye maana ya fedha na dhahabu. Walakini hakuna aliyemrushia jiwe. Kenge hula samaki na mizoga, na kwa hiyo husaidia kulisafisha ziwa. Mwaka 2016, walipozidi mno, wakuu wa mji waliwakamata makumi kadhaa wakawahamisha.

Hata ilipotimia saa kumi na mbili jioni, vipaza sauti vikapiga wimbo wa taifa. Waliokuwa wakikimbia wakasimama, waliokuwa wameketi wakainuka, tajiri na mfagiaji sawasawa. Mama yetu naye akainuka, akituegemea mabegani. Wimbo ulipokwisha, kila mtu akaendelea na shughuli yake.

Ardhi hiyo ilipotolewa ilikuwa pembezoni mwa mji. Leo majumba marefu yameizunguka. Karibu nayo iko bustani ya pili, Benjakitti, yenye ziwa kubwa zaidi. Hapo palikuwa pa kiwanda cha tumbaku cha serikali. Ilipasa kiwanda kihamishwe. Ziwa lilifunguliwa kwa watu mwaka 2004, na msitu ulio kando yake mwaka 2022. Tazameni tofauti: bustani ya kwanza ilianza kwa neno la mwenye ardhi, wakati ardhi ilipokuwa rahisi, ya pili ilidai subira ya miaka mingi na gharama kubwa.

Basi, ndugu, sisi nasi tunavyo viwanja vya shule, vya mpira na vya mikutano. Mtu mwenye haraka huviona kuwa ardhi isiyo na kazi, akatamani kuvikata viwe maduka. Wazee wa kijiji na waalimu na wahakikishe kwamba mipaka yake imeandikwa, na watoto wapande miti ya kivuli kando yake. Wahenga walisema akiba haiozi. Nasi twaona kwamba uwanja mtupu nao ni akiba, na wenyewe ni wajukuu wetu.